Siku Gari la Mwali Lilipochemsha

Safari yangu ya kwenda kuolewa niliisikia tu, sikuiona. Nilikuwa nimefunikwa. Juu ya shela nyeupe, iliyopatikana kwa foleni na kwa kujuana, mama yangu mdogo alinitandika khanga, akaikaza chini ya kidevu, akaniambia nisifunue uso wala nisitoe neno mpaka mlangoni mwa kanisa. Mwali hasemi njiani, alisema. Mimi nilikuwa karani wa serikali mjini Morogoro, nikipiga taipu kutwa na kujibizana na wakubwa, lakini asubuhi ile nilitii. Mama yangu alikuwa ameshafariki, na huyu mdogo wake ndiye aliyesimama mahali pake. Sikuwa tayari kumuudhi siku kama ile.

Gari lilikuwa la ofisi, lile la milimani ambalo magurudumu yote manne huvuta, tuliloazimwa pamoja na dereva wake kwa sharti kwamba jioni lirudi zima. Kabla ya kunifunika mimi, mama mdogo alianza na gari. Alipiga magoti mbele yake kama anayesali, akatandaza doti nzima ya khanga, haijakatwa, akaikunja na kuifunga kutoka taa hadi taa, kisha akachomeka maua kwenye mafundo. Akainuka, akaitazama kazi yake kwa furaha.

"Gari la mwali nalo hujitanda," alimwambia dereva. "Mkono wako usiiguse mpaka tufike."

"Hewala, mama," dereva alisema. Alikuwa mtu mzima, Mwislamu mpole wa pale mjini, na nadhani mambo yetu yalimchekesha.

Tulikuwa tunakwenda Matombo, misheni, kwa watu wa mama yangu, na ilikuwa lazima tufike siku ile ile. Jumatano iliyokuwa inakuja ni Jumatano ya Majivu, na katika Kwaresima ndoa hazifungwi. Padre mwenyewe alikuwa na kigango kingine cha kwenda alasiri. Bwana harusi wangu, mwalimu kutoka upande wa Bukoba, alikwisha kupewa uhamisho wa Sumbawanga. Alitakiwa kuondoka wiki ile, na mimi ningeweza kuomba kumfuata endapo tu ningekuwa mke wake. Halafu kulikuwa na mjomba. Kwetu Waluguru kaka wa mama ndiye mwenye neno, na mjomba wangu neno lake alilitoa kwa shingo upande. "Mtu wa kuja huyo," alikuwa akisema, "leo yupo, kesho hayupo." Nilijua siku ile ikipita hatalirudia tena. Nami nilimtaka yule mwalimu. Nilimtaka kupita kiasi, na sioni haya kulisema, maana wakati ule hapakuwa na mtu aliyeniuliza.

Basi tukaondoka. Dereva na mjomba mbele, mimi na mama mdogo nyuma, katikati ya kreti za soda na gunia la mchele. Chini ya khanga sikuona kitu zaidi ya magoti yangu. Kiroka tulipita vizuri, mama mdogo akapiga vigelegele kwa ajili ya watu wa barabarani. Barabara ilipoanza kupanda, nikasikia injini inabadilika sauti, kisha harufu ya moto, kisha mjomba akiuliza, "Kuna nini?"

"Linachemsha," dereva akasema.

Tukasimama. Nikasikia boneti inafunguliwa, maji yanafoka, watu wazima wanarukia pembeni. Tulisubiri lipoe. Dereva akaongeza maji, akasema pengine asubuhi hakuyajaza sawasawa. Tukaondoka, na kabla sijamaliza kumshukuru Mungu, limechemsha tena. Safari hii hata maji hayakuwa yamepungua sana. Akaukagua mkanda wa feni, umekaza. Akawasha injini boneti ikiwa wazi, tukiwa tumesimama, mshale wa joto ukatulia mahali pake kama hakuna lililotokea.

"Sasa hili mimi silielewi," dereva alisema. "Likisimama, zima. Likipanda, linaumwa."

"Mzigo," mjomba akasema kwa uhakika mkubwa.

Basi mzigo ukashushwa. Wanawake wa kijiji cha jirani waliokuwa wanatoka shamba la ujamaa wakakubali kutuwekea soda na mchele, wakatuletea na maji kwa ndoo, na kila mmoja akawa na lake la kusema kuhusu injini. Mmoja alisema gari limechoka. Mwingine alisema gari la serikali halipendi shughuli za watu binafsi, wakacheka wote. Mama mdogo hakucheka. Alininong'oneza kwamba kuna mtu pale mjini ana kijicho, na kwamba anamjua. Tukapanda tena, wepesi, na gari likachemsha mapema kuliko mwanzo.

Huwezi kujua inavyochanganya kusikiliza ugonjwa bila kumwona mgonjwa. Niliwafuata kwa masikio tu, na kila nilipodhani nimeelewa, anakuja mwingine na neno jipya. Dereva alifungua kitu kinachoitwa themostati, akakitoa kabisa, akasema bila hicho maji yatazunguka yenyewe, sasa ukweli utajulikana. Haukujulikana. Likatokea lori la ndizi linalotelemka, dereva wake akashuka, akanusa, akasema, "Ndugu yangu, hiyo gasketi ya silinda. Imeungua. Hapo huendi popote." Nikamsikia dereva wetu akivuta pumzi. Gasketi, hata mimi nililijua neno hilo. Vipuri vyake watu walivingoja miezi.

Nilianza kushuku kila kitu. Nilishuku mchawi wa mama mdogo. Nilimshuku mjomba, ambaye alikuwa ametulia mno. Nikafika mahali pa kujishuku mwenyewe, kwamba labda Mungu ananionyesha jambo nami sitaki kulitazama. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, gauni limenigandama, na pumzi yangu mwenyewe ilikuwa inanirudia usoni ikiwa moto.

"Tugeuze," dereva akasema mwishowe. "Kutelemka litafika mjini polepole. Kupanda, tutaliua, na hili ni mali ya umma."

Hakuna aliyebisha. Wakaligeuza gari, likawa linatazama Morogoro, wakaliacha lipoe. Nikasikia kengele ya baiskeli na sauti ya mtu akiuliza kama ndio harusi ya misheni, mbona mnarudi.

"Tunarudi," mjomba alijibu. Alilisema haraka, na mpaka leo sijui kama ni kwa huzuni au kwa nafuu. Baiskeli ikaendelea kwenda Matombo.

Nilitaka kulia, lakini hewa ya kulilia sikuwa nayo. Mama mdogo alikuwa ameshuka kuosha miguu. Nikaiinua khanga, kidogo tu, hadi puani, na upepo wa mlimani ukanipiga usoni. Ah! Nikavuta pumzi kama mtu aliyetolewa mtoni. Kichwa kikanirudia. Nikaketi hivyo, nimefunuka nusu, nikijisikia napoa, na hapo hapo nikaliona akilini lile gari la asubuhi, likifungwa uso kutoka taa hadi taa, doti nzima, imekunjwa, na maua juu.

Likisimama boneti wazi, zima. Likipanda limefunikwa, linaumwa.

Nilingoja mtu mwingine aseme. Kweli nilingoja. Niliwasikia wanaume wakizungumza gasketi, mmoja akitaja fundi wa mjini, na mama mdogo akirudi huku anasali kwa sauti ya chini. Yeye ndiye aliyeifunga ile khanga. Dereva alikuwa amekatazwa kuigusa, na mtu aliyekatazwa kugusa kitu huacha hata kukitazama. Nikiongea, nimevunja mwiko na nimemwaibisha aliyenivika. Nikinyamaza, mwalimu wangu anakwenda Sumbawanga.

"Ondoeni khanga mbele ya gari," nikasema.

Kisha mama mdogo: "Yesu na Maria! Mwali amesema!"

"Rejeta haipati hewa. Mmeifunika."

"Funika uso wewe! Unataka ndoa yako isemwe na watu?"

Nilishuka. Sikumbuki kuamua kushuka, nakumbuka viatu vyeupe kwenye vumbi jekundu na mjomba macho yamemtoka. Nilikwenda mbele ya gari nikaanza na fundo la kwanza. Lilikuwa limekazwa na mtu anayependa. Ilibidi nitumie meno. Dereva alisimama karibu yangu, akapeleka kiganja nyuma ya kitambaa, akakirudisha upesi, akatazama khanga, akatazama boneti, akaanza kucheka mpaka akashika tumbo. "Mimi nilijua ni pambo," alisema. "Wallahi, nilijua ni pambo tu." Mama mdogo alikuwa analia. Nilimpa khanga yake, naye akaipokea bila kunitazama, akaikunja vizuri, akaipakata.

Lilipopoa tukaligeuza tena. Mimi nilikaa dirishani, uso wazi, hakuna aliyethubutu kuniambia neno. Gari likapanda. Dereva aliutazama mshale wa joto kila kona, nao haukupanda. Mjomba alitazama migomba upande wake.

Tulikuwa tumebakiza vilima viwili tulipomwona mtu anatelemka katikati ya barabara, peke yake, suti nyeusi imekuwa ya rangi ya vumbi hadi magotini, koti mkononi. Alikuwa anatembea kuelekea mjini, na mji ulikuwa mbali vibaya. Dereva akasimamisha gari. Mwalimu wangu akaja mpaka dirishani kwangu, akanitazama kama mtu asiyejua kama amekosea gari.

"Mtu wa baiskeli amefika kanisani," akasema, "akasema gari la bibi harusi limegeuza. Wote wanasema mmebadili mawazo."

"Sasa wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nakuja mjini. Nilitaka unikatalie mwenyewe."

Kisha nikasikia mlango wa mbele unafunguliwa. Mjomba alishuka, akazunguka taratibu, akaja kujibana nyuma karibu na mama mdogo. Kiti cha mbele kikawa wazi.

"Panda basi," nikamwambia mwalimu. "Padre ana safari."