Mbuzi Aliyeshuka Lemera Juu ya Mti

Minye mwenyewe shule niliishia mwaka wa pili, kwa misioni. Baba alikufa na jembe likabaki kwangu. Ndiyo maana mudogo wangu alisoma. Tulikuwa wawili tu duniani. Akaendelea mpaka universite, kule kusini.

Uhuru ulipopita kidogo akaandika kwamba anakuja likizo pamoja na rafiki yake, mwanafunzi pia. Nikapanda milimani Lemera kutafuta mbuzi. Huko majani iko mingi, na mama mmoja huko alitaka kunioza binti yake, lakini tuache hiyo. Nilichagua beberu mnene. Sasa, mbuzi akishuka kwa miguu, mafuta yote anayaacha njiani. Sisi tunamfunga miguu kwenye mti, watu wawili wanabeba, kichwa chini. Nilimleta hivyo siku nzima, kwa mapendo.

Kwetu mgeni haletewi nyama tu. Anaonyeshwa kwanza mnyama mzima, anamshika mgongo, anashukuru, ndipo kisu. Mudogo wangu hakushika mgongo. Aliinama akashika mguu, pale kamba ilipokula ngozi.

"Yaya," akaniita, kama tunavyoita kaka mkubwa, "huyu alikunywa maji?"

"Anaenda kufa. Maji ya nini?"

Rafiki yake akacheka. "Mumuache, yaya. Kule shuleni anatuhubiria habari ya kuku wa jikoni, halafu fungu lake la nyama tunakula siye."

"Nyama ninakula," mudogo akasema. "Na kufa, wote tunakufa. Lakini siku nzima kichwa chini? Yaya, minye nitakula yule atakayekuja kwa miguu yake."

"Basi weye kula vitabu vyako," nikamwambia.

Nilichinja. Rafiki alikula vizuri. Ini, ambalo ni la mgeni mkubwa, lilibaki kwenye sahani ya mudogo mpaka likakauka. Siku zote zilizobaki sikumsemesha. Nilimbebea sanduku mpaka bandarini Kalundu. Alipunga mkono kutoka melini. Minye nilijifanya naangalia samaki.

Halafu uasi ukaja. Tukakimbilia milimani, meli zikakatika, barua pia. Ulipoisha, meli zikarudi. Niliuliza wanafunzi waliorudi habari ya mudogo. Walisema walitawanyika wote, kila mtu na njia yake.

Likizo ya kwanza nilishusha mbuzi kutoka Lemera kwa miguu, siku mbili, nikimnywesha kila kijito. Alifika amekonda. Wapakizi wa Kalundu wakauliza, "Mzee, mbuzi anasafiri? Tikiti yake iko wapi?" Tukasimama naye mpaka abiria wakaisha kushuka. Nikarudi naye nyumbani. Mtu mmoja hachinji mbuzi mzima, nyama itaoza.

Nimefanya hivyo likizo nyingi, na mbuzi wengine. Huyu wa sasa amezeeka, anakohoa kama minye. Asubuhi namnywesha yeye kwanza.