Robo Saa Isiyokuwamo Katika Ratiba

Alikuwa mkalimani wa hospitali, na majirani walimwita Bwana Robo, kwa sababu siku yake nzima aliikata vipande vya robo saa, akaviandika kwa kalamu nyekundu na ya bluu, akavibandika jikoni kwenye mlango wa kabati. Zamani kazi yake ilikuwa ya miguu. Alipita wodi hadi wodi, akisimama baina ya daktari na mgonjwa wasiojuana lugha. Kisha ofisi ikafunga chumba cha wakalimani, ikampa kila mmoja kompyuta na vipokea sauti vya kuvaa masikioni, ikawaambia wafanye kazi majumbani mwao. Watu wakampongeza kwamba sasa atapumzika.

Nyumbani walikuwa watano. Palikuwa na yeye. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, aliyerudi saa kumi alasiri. Binti yao wa miaka tisa, aliyerudi saa saba. Kitoto cha mwaka mmoja na nusu kilichojifunza kutembea kwa kukimbia. Na mama mkwe, aliyehamia kwao ili akilee kitoto hicho mchana. Mtoto hunyamazishwa kwa jicho, na mke kwa ombi, lakini mkwe hanyamazishwi na mtu mwenye adabu zake. Mama huyo alipenda redio, tena iwe juu, na aliposema kwa simu na dada yake alipaza sauti kana kwamba dada huyo yuko ng'ambo ya mto na simu haipo.

Ofisi ilikuwa na kanuni moja isiyo na huruma: lalamiko la tatu la kelele au la kuvunja siri ya mgonjwa, mkataba unakatika. Bwana Robo alikwisha kuandikiwa mawili. La kwanza ni siku kitoto kilipopiga sufuria kwa kijiko. La pili lilimtia aibu mpaka leo, kwani redio ilitangaza bei ya saruji wakati mama mmoja alipokuwa akipewa habari nzito kabisa. Baada ya hapo alihamishia meza yake chumbani kwake na mkewe. Ndicho chumba pekee ambacho mama mkwe, kwa heshima yake, hawezi kukanyaga. Hakufunga hata kwa ufunguo.

Mkewe aliisoma ratiba mpya akiwa bado na begi la madaftari begani.

"Na hii 'mke, robo saa' ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe."

"Baina ya chai na kukunja nguo."

"Ni robo kamili, mama watoto. Sijaikata."

"Nashukuru. Nitajitahidi kukupenda haraka haraka."

Mkewe alicheka, naye akacheka, lakini jicho la Bwana Robo lilikwisha kwenda ukutani kwenye saa. Ndivyo alivyoishi miezi ile. Akiwa chumbani, masikio yake yalikuwa jikoni. Akiwa mezani na wanawe, roho yake ilikuwa kwenye kompyuta. Alikula amesimama, alioga akisikiliza mlango. Hata katika sala, Mwenyezi Mungu amsamehe, alijikuta akipima urefu wa sijda kwa dakika. Mola aliyezigawa saa za mchana na za usiku hakuzigawa kwa pupa, na kiumbe aliyejitwika kazi hiyo alikuwa akihema.

Yapasa msomaji aelewe jinsi mkalimani wa kweli asemavyo. Hasemi "mgonjwa anasema anaumwa." Husema "ninaumwa," kana kwamba amemwazima mgonjwa ulimi wake. Akitaka kujisemea mwenyewe, hujiita "mkalimani," kama mtu wa tatu. Na kwa kuwa sauti za daktari na mgonjwa humfikia masikioni tu, aliye nje ya chumba husikia sauti ya mkalimani peke yake: maneno ya daktari yaliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya kigeni, na maneno ya mgonjwa kwa Kiswahili safi.

Jumatatu moja joto lilizidi, akafungua dirisha. Mama mkwe alikuwa nje, chini ya dirisha hilo, akianika nepi. Akamsikia mkwewe akisema kwa sauti ya chini iliyotulia:

"Daktari, natoka damu huu mwezi wa nne. Mke wangu hajui. Nikimwambia ataacha kazi aniuguze, na watoto bado wadogo."

Bibi yule alibaki na nepi mkononi.

Kumwambia binti yake hakuweza, maana aliyefichwa siri ni binti huyohuyo; yampasa kwanza amuulize mwenye siri. Kumgongea mlango wa chumbani hakuthubutu. Akaanza kwa alichokiweza. Redio aliizima. Dada yake alipopiga simu, alitoka nayo hadi barabarani. Katika sahani ya mkwewe aliongeza yai, kisha akaketi pembeni, akitazama kila tonge linavyoshuka.

Bwana Robo aliuona ukimya huo, akafurahi. "Unaona?" alimwambia mkewe. "Ratiba ikishika, nyumba yote inanyooka."

"Mama hali hata vizuri siku hizi," mkewe alisema.

"Labda ni joto. Tutaliongea." Akatazama saa. "Kesho, kwenye robo yetu."

Jumatano mchana, binti aliporudi kutoka shuleni, bibi yake alimshika mkono, akampeleka mbele ya kabati.

"Mjukuu wangu, wewe ndiye mwenye macho ya kusoma. Nitafutie mahali patupu. Nataka kusema na baba yako."

Binti alipitisha kidole toka juu hadi chini. "Hapa ni kazi. Hapa kazi. Hapa ni kuoga."

"Na akishaoga?"

"Kuvaa."

"Akishavaa?"

"Kukagua madaftari yangu, halafu kazi tena."

"Na baba yako anapumua saa ngapi?"

Binti alitafuta kwa uaminifu. "Hapajaandikwa, Bibi."

Jioni ile mama mkwe alisimama kwenye korido, akamngoja apite. "Baba, kuna neno." Naye akajibu kwa adabu zote, huku mguu mmoja umekwisha kuingia chumbani, "Samahani sana, Mama, zimebaki dakika tatu. Nikitoka nitakuja mwenyewe." Alipotoka alikumbuka ripoti, na baada ya ripoti kitoto kilikuwa kimejimwagia maziwa, na neno lile likapotea.

Alhamisi saa nne asubuhi mgonjwa yuleyule wa Jumatatu alirudi kwenye laini pamoja na daktari wake. Daktari alimweleza habari za upasuaji, na kwamba bila sahihi yake hawawezi kumgusa. Mgonjwa akajibu, na mkalimani akalitoa jibu kama lilivyo, bila kulipunguza:

"Sitaki kupasuliwa, daktari. Niache nifie nyumbani kwangu."

Safari hii dirisha lilikuwa limefungwa, lakini mama mkwe alikuwa koridoni akifagia. Alikitia kitoto katika kitanda chake cha vizuizi, akajitanda mtandio, akafungua mlango, akaingia. Hakutazama kitanda wala nguo zilizotundikwa. Aliinamisha uso hadi mezani, akasema karibu na kinasa sauti, polepole, kama mtu atoaye ushahidi:

"Daktari, mimi ni mama mkwe wake. Mpasueni. Watoto nitawalea mimi."

Masikioni mwa Bwana Robo, daktari akauliza, "Mkalimani, huyo ni nani?"

"Mkalimani anaomba radhi," alisema. "Kuna mtu ameingia. Kosa ni la mkalimani."

"Mkalimani yupi tena, baba?" mama mkwe alimuuliza. "Si unasema na daktari wako?"

Hapo ndipo alipoelewa. Na papo hapo mgonjwa naye akauliza kwa lugha yake: yule mama amesema nini? Kanuni ya kazi ni kwamba kila neno litamkwalo kwenye laini lifikishwe kwa wote. Aliweza kulificha, lakini alikwisha kula kiapo cha kutoficha. Akamfasiria mgonjwa, neno kwa neno, kwamba mpasueni, watoto nitawalea mimi. Alimsikia mgonjwa akipumua, kisha daktari akasema watamtafuta mkalimani mwingine, na laini ikakatika.

"Mama, si mimi," alisema, akivua vipokea sauti. "Yale ni maneno ya mtu mwingine. Kazi yetu ndiyo hiyo. Mimi siumwi."

Mama mkwe alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote ile. "Huumwi?"

"Siumwi."

"Sasa kwa nini usiseme 'anasema'? Neno moja tu. Siku nne mimi silali." Kisha akatambua pale aliposimama, akajifunika mtandio usoni, akatoka kwa haraka.

Kutwa nzima Bwana Robo hakupangiwa simu nyingine. Alikaa, akainuka, akaenda jikoni akarudi, akafuta meza iliyokuwa safi. Mkewe aliporudi saa kumi, alimkuta amekaa sebuleni na mama yake, kila mtu upande wake. Kabla hajavua viatu, simu ya Bwana Robo ikalia. Alikuwa msimamizi wake, mwanamke mwenye sauti ya upole.

"Daktari ameandika lalamiko. Nimeisikiliza rekodi mara mbili. Siwezi kulifuta."

"Naelewa. Sina la kujitetea."

"Mkataba unaishia mwisho wa mwezi. Nasikitika, kaka yangu. Tafsiri yako haina doa."

"Yule mgonjwa, alikubali?"

"Unajua siwezi kukwambia."

Aliiweka simu mezani, akawaeleza. Mkewe aliketi bila kuvua begi. Mama mkwe alisema, "Basi ni mimi niliyekutoa kazini."

"Hapana, Mama. Jana ulinijia uniulize kama nakufa, nami nikakwambia zimebaki dakika tatu. Hilo silo la kukulaumu wewe."

Mama mkwe alijikohoza. "Ile zahanati ya chini, karibu na stendi. Wageni wanajaa pale asubuhi, wanaelezana na wauguzi kwa vidole. Wana mkalimani?"

"Sijui. Sikupata kuuliza."

"Kesho twende, mimi na wewe, ukaulize. Kwa miguu."

"Twende, Mama. Saa ngapi?"

"Tukishakunywa chai."

"Na chai ni saa ngapi?"

Mkewe alimtazama mamaye, na mamaye akamtazama yeye. Chumba cha pili kitoto kikaanza kulia, na wote watatu wakainuka kwa pamoja.