Shanta la Stoo

Mpishi mkuu wa shule ya bweni alikuwa na majina mawili ya utani, na yote mawili yalimkera. Wanafunzi walimwita Mkono Mfupi, kwa sababu upawa wake haukuwa na upendeleo: ulichopewa ndicho hicho, ulie usilie. Na wale wenzake wa chama cha kutembea porini, alichojiunga nacho watoto wake walipokwisha kuhama nyumbani, walimwita Stoo. Sasa hebu niambie, mtu anakuwaje bahili kwa matumbo ya watu na mfujaji kwa mgongo wake mwenyewe? Lakini ndivyo alivyokuwa, na porini hayo hayafichiki.

Safari zake za mwanzo zilikuwa aibu tupu. Alibeba sufuria na mfuniko wake, kisu cha kukatia nyama, blanketi zito, unga wa kulisha ukoo mzima, na vitunguu. Vitunguu, jamani, vya kwenda kulala porini usiku mmoja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ila hao wahenga hawakuwahi kulinyanyua shanta la Stoo. Kila mara lilimalizia safari mgongoni kwa mwenzao fundi baiskeli, mwanamume wa miraba minne, naye hakunung'unika hata siku moja. Afadhali angenung'unika.

Kiongozi wao alikuwa tarishi mstaafu, wakimwita Mzee Stempu. Maisha yake yote alitembea na mkoba begani, na mtu asiyeweza kubeba chake alimwona kama mtu asiyeweza kujifunga viatu. Alimvuta Stoo pembeni, akamwambia kwa upole, "Dada, sikufukuzi. Safari ijayo tunapanda mpaka kileleni. Ukibebewa tena, kuanzia hapo utakuwa unabaki barabarani na gari."

Kubaki na gari maana yake ni kuwachemshia chai wanaorudi. Hapo ndipo moyo ulipomuuma. Tangu ujana wake amewachemshia watu chai, na sasa hata huku alikokimbilia wanataka kumpa birika? Stoo alikasirika, akaumia, akaapa: atafika kileleni kwa mgongo wake.

Kuapa ni rahisi. Jioni ya kufunga mizigo alimwaga vitu vyake kitandani, na dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, akasimama mlangoni na hofu zake zote.

"Na mvua ikinyesha?"

"Nina turubai."

"Likitoboka?"

"Dada, hilo ni jipya."

"Mimi nasema tu. Tahadhari kabla ya hatari." Akaongeza mwavuli juu ya rundo, na taulo, na kopo la maziwa ya unga.

Stoo alifunga shanta, akalitia begani, nalo likamrudisha kitandani, akakaa kitako. Machozi yakamlengalenga. Akautazama mkono wake, akaelewa. Mkono uliozoea kupikia bweni zima haujui kumpikia mtu mmoja. Ukichota mchele, unachota wa meza nzima. Ukishika kamba, unashika ya kufungia magunia.

Halafu akainuka, akaenda jikoni, akarudi amevaa aproni yake ya kazini, upawa na sahani mkononi. Akasimama upande wa pili wa kitanda, kama anavyosimama kila mchana kwenye dirisha la kugawia chakula.

"Umerukwa na akili?" dada yake akauliza.

"Shika sahani, simama pale. Wewe ndiye mimi. Omba."

Dada mtu akaguna, lakini akasimama. "Naomba blanketi."

"La nini?"

"Baridi."

"Utavaa sweta, utajifunika kitenge. Kitenge hichohicho utachujia maji ya mtoni, utafungia kidonda, utabebea kuni. Kingine?"

"Sufuria."

"Utachemshia kwenye kikombe cha bati, na utakunywea humohumo."

"Mchele basi, mwanangu, nitakufa njaa."

Upawa mmoja. Dada akasogeza sahani tena, kwa kulegeza macho kabisa kama wale vijana wa kidato cha kwanza, na Mkono Mfupi akamwambia yale anayowaambia wote: "Umeshapata. Sogea."

Wakacheka mpaka wakashikana. Walipomaliza kucheka, kilichobaki kitandani kilikuwa turubai na kamba nyembamba, kisu kidogo kwenye ala yake, kiberiti ndani ya mfuko wa plastiki, pamba iliyopakwa mafuta ya kujipaka kwa ajili ya kuwashia moto, kikombe, chupa ya maji, kitenge, mchele, chumvi na majani ya chai. Shanta lilinyanyuka kwa vidole. Dada yake alilitazama kwa mashaka, akasema huo si mzigo, huo ni mkoba wa kwendea sokoni.

Asubuhi, kando ya barabara, Mzee Stempu aliwataka wamwage vitu chini, kama ilivyo desturi ya chama kwa safari za kileleni, na kila mtu aeleze kazi mbili za kila kitu isipokuwa chakula. Chenye kazi moja kirudi garini. Alipofika kwa Stoo aliinama, akatazama, akapitiliza bila kumwuliza.

Mlima ulikuwa mlima. Jua lilichoma, mawe yalisogea chini ya viatu, na pale penye mwinuko mkali Stoo alihema hadi mbavu zikamwuma. Fundi baiskeli, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono kulipokea shanta.

"Nimekuomba?" Stoo akasema, akampita.

Alimpita na mwalimu wa hesabu, akampita na mwenye duka la dawa aliyekuwa amekaa juu ya jiwe akijipepea kwa kofia. Kileleni upepo ulimpiga usoni, nchi yote ikiwa chini, na mtu pekee aliyemtangulia alikuwa Mzee Stempu, tayari amelisimamisha turubai lake.

"Karibu, dada," mzee akasema. "Tua mzigo, upumzike."

Stoo alizivuta kamba za shanta, zikambana mabegani.

"Bado," akasema. "Niache niubebe kidogo."

Akaanza kuzunguka kilele chote, polepole, na shanta lake mgongoni, huku wenzake wakijitokeza mmoja mmoja.