Wimbo Tuliougawa kama Chumvi

Miaka ya vita, nyumbani kwetu Kindu, mkoani Maniema, hakikuwepo kitu cha maana kilicholala mahali pamoja. Hiyo ilikuwa sheria ya mama. Treni ilikuwa imekufa, mashua hazipandi wala hazishuki, chumvi inakuja kwa ndege na kuuzwa kwa kijiko. Mama akiipata, aliigawa siku ileile: kifuko kimoja kinafukiwa jikoni kando ya mafiga, kingine kinakwenda kwa shangazi mtaa wa pili, kingine kinavushwa mto Lualaba hadi Alunguli kwa rafiki yake, kingine kinasubiri mtu wa kukipeleka Lokandu kwa mdogo wake, ambaye sisi watoto tulimwita mama mdogo. Wenye bunduki wakiingia kwetu watakuta cha kwetu tu. Wakiingia kwa shangazi watakuta cha shangazi. "Akiba haiozi," alisema, na kweli haikuoza, ingawa mara nyingi iliibwa.

Sheria ya pili ilikuwa ya mlango. Giza likishaingia, mlango wetu haukufunguliwa kwa kubisha, hata ubishe kwa adabu namna gani. Ulifunguliwa kwa sauti. Unasimama nje, unasema, na mama anasikiliza huko ndani mpaka aridhike kuwa ni wewe na kuwa hakuna mtu nyuma yako anayekulazimisha kusema. Alikuwa hodari wa kazi hiyo. Kaka yangu, mkubwa wangu, alichelewa karibu kila siku kwa sababu ya gitaa lake, na kila akichelewa alisimama pale nje na kusema, "Mama, fungua, njo miye," yaani ndiye mimi. Mama alimjua kwa neno la kwanza, lakini alimwacha asimame kidogo, iwe adhabu. Yeye alikuwa Mwislamu wa kwelikweli, wa ukoo ulioswali Maniema tangu enzi za misafara, na gitaa kwake lilikuwa upuuzi wa watu wasio na kazi.

Kaka aliondoka vita haijaisha. Alishika njia ya kwenda mji wa Kama kwa miguu, pamoja na watu waliokwenda kuchimba dhahabu, kisha milimani, kisha nchi ya jirani, na mwisho akatokea Ulaya. Siku ya kuondoka mama hakumbembeleza abaki. Alimfungia chumvi kidogo kwenye kitambaa, akageukia sufuria yake.

Amani ilipokuja, au kile tulichopewa tukaambiwa ndiyo amani, kaka alituma kompyuta. Ilikuwa ndogo, ya kukunja, iliyokwisha kutumika, ikaletwa na msafiri aliyeshuka kwa ndege. Ndani yake alikuwa ametuwekea nyimbo alizorekodi huko na wenzake, zilizokuwa zikiuzwa kwenye duka la intaneti. Hapa kuna jambo ambalo likinijia hata leo nakasirika upya: kaka yangu alinunua sauti yake mwenyewe. Mwenye studio alibaki na kila kitu, kwa hiyo kaka akaenda kwenye lile duka kama mteja mwingine yeyote, akalipa, nalo likampa nyimbo zikiwa na kufuli.

Si kufuli la chuma. Ni maagizo yaliyofichwa ndani ya wimbo wenyewe, yanayouliza kila unapofunguliwa: hii ndiyo mashine iliyoruhusiwa? Ikiwa ndiyo, wimbo unaimba. Ikiwa siyo, unanyamaza. Kaka alikuwa ameiruhusu ile kompyuta kabla ya kuituma, basi kwetu nyimbo ziliimba tangu siku ya kwanza, nasi hatukujua kabisa kuwa kuna kufuli. Mlango ulio wazi, nani anaukagua kitasa?

Wimbo mmoja ulikuwa wa mama. Maneno yake ni yale yale ya kusimama nje: mama, fungua, njo miye, nimechelewa lakini njo miye. Mama aliusikia mara ya kwanza akiwa amesimama, mkono kiunoni.

"Huyu mupumbavu," alisema. "Amepeleka mulango yangu kwa Wazungu." Halafu akasema, "Rudisha."

Tangu siku hiyo tuliuweka kila Ijumaa, wanaume wakisharudi kutoka msikitini na chai ikishamiminwa. Msije mkafikiri mama alikaa kimya kuusikiliza. Mama aliongea juu ya kila kitu, hata juu ya wimbo alioupenda. Aliagiza sukari, alifukuza watoto mlangoni, alimsimanga jirani, na gitaa la mwanawe linaendelea nyuma yake. Tulimcheka sana.

Kisha kaka akafa. Ugonjwa ulimkuta huko huko, akazikwa huko huko, katika udongo ambao hakuna hata mmoja wetu atakayeukanyaga. Tulikaa matanga bila maiti, na matanga bila maiti hayana mwisho, kwa sababu hujaona kitu kikifukiwa. Ijumaa ya kwanza baada ya arobaini mama aliomba wimbo wake. Niliogopa kuuweka. Aliusikiliza mwanzo hadi mwisho bila kusema neno, na sijawahi kumwona vile tena. Wiki iliyofuata alirudia kuagiza sukari.

Ile mashine haikupatwa na bunduki, ilipatwa na binamu zetu. Kila mmoja alikuja na flashi yake iliyojaa picha na virusi, mpaka kompyuta ikawa inajizima yenyewe kila baada ya muda mfupi. Tukaipeleka kwa fundi mmoja karibu na stesheni ya treni. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kusema ukweli. Alisema mfumo uliomo umeoza, na mfumo mpya wa kununua hatuuwezi. Angetuwekea mwingine, usiouzwa, uliotengenezwa na watu wa nchi nyingi ambao hawajuani. Yeyote anaruhusiwa kuufungua aone ulivyo ndani, kuutengeneza, kumpa jirani. Mama aliupenda kabla hata hajauona. Kitu cha kugawana alikielewa.

"Lakini mama, nitafuta vyote vyenye viko ndani," fundi alionya. "Mutunze kwanza vitu vyenu."

Mama alicheka. Kumfundisha yeye kutunza! Tulinunua flashi, moja tukaijaza picha, barua na nyimbo zote za kurudisha kwenye kompyuta, na kwenye kila moja iliyobaki tukanakili wimbo wa mama, naye akazigawa mwenyewe, kwa nyumba zilezile za chumvi, zile ambazo watu wake walikuwa bado hai: shangazi, rafiki wa Alunguli, mama mdogo wa Lokandu. Moja akaishona ndani ya mto wake. Sasa hata vita ikirudi, alisema, mutoto hatapotea. Fundi akafuta.

Kompyuta ilirudi ikiwa nyepesi, kama imetoka kuoga. Niseme haki ya ule mfumo: ni mzuri, naupenda, nautumia mpaka leo. Picha zetu zilirudi, barua zilirudi, hata nyimbo za harusi za binamu zilirudi, nani aliziomba sijui. Ijumaa nikabonyeza wimbo wa mama. Likatokea jina la wimbo. Likatokea jina la kaka. Ukatokea hata urefu wake. Sauti haikutoka.

Fundi alijaribu programu moja baada ya nyingine, siku nzima. Ndipo kwa mara ya kwanza tulipoelezwa habari ya kufuli. Ufunguo ulikuwa umekaa ndani ya mfumo wa zamani, na huo ndio aliokuwa ameufuta. Watu waliotengeneza huu mfumo wa bure wangeimbisha wimbo wetu kwa furaha, alisema, lakini wenye kufuli hawakuwaambia namna ya kulifungua, na hawakutaka waijue. Tukatafuta lile duka kwenye intaneti, tuombe ufunguo mwingine. Lilikuwa limefungwa. Ukurasa mmoja tu ulibaki, ukiwashukuru wateja. Nilitukana siku hiyo maneno ambayo mama hakujua kwamba nayajua.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha fundi, mkoba mapajani.

"Sauti yake iko wapi?" aliuliza.

"Iko mule ndani, mama," fundi alijibu. "Lakini imefungwa."

"Nani alifunga?"

"Duka yenye iliuza."

"Mutoto wangu alilipa?"

"Alilipa, mama."

"Basi watufungulie," alisema, taratibu kabisa, kwa sababu kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Fundi aliinamisha kichwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na yule bwana hakuwa wa kulaumiwa. Yeye alionya, sisi tulitunza, kila mtu alifanya kama alivyofundishwa na vita.

Nilifumua kwanza mto wa mama, kisha nikaanza kuzunguka. Kwa shangazi flashi ilitoka ndani ya kopo la nyuzi, imefungwa plastiki. Alunguli ilitoka chini ya kitanda, katika sanduku la sanda ambayo yule bibi alijiwekea mwenyewe. Wote walinikabidhi kwa fahari. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameusikiliza. Walipewa kulinda, wakalinda. Na kila moja ilikuwa vilevile: jina la wimbo, jina la kaka, kimya. Tulidhani tumegawa wimbo, kumbe tumegawa kufuli. Ya Lokandu sikuifuata. Nilishajua, na nilichoka kujua.

Miaka ikapita. Ijumaa zetu zikawa za chai tu. Mama alizeeka, akaanza kuchanganya majina ya wajukuu, kisha akaanza kuuliza habari za watu waliokwisha kufa. Hayo tuliyazoea. Lakini siku moja nilipokuwa nikimkanda miguu aliniambia kitu ambacho kilinivunja, kwa sababu siku hiyo akili yake ilikuwa safi kabisa.

"Uso yake ninaiona," alisema. "Sauti imenitoka. Ninaitafuta, hapana." Kisha akasema, "Nikifika kule, akisimama inje, nitamujuaje? Mulango inafunguliwa kwa sauti."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilikuwa najua wa kwangu tu, na hata huo ulinitosha. Wiki ile ile nilipanda mtumbwi wa mota kwenda Lokandu, kompyuta nimeikumbatia ndani ya nailoni mbili. Sikuwa na sababu ya maana. Ilikuwa flashi ya mwisho, basi.

Mama mdogo, ambaye naye sasa ni bibi kizee, aliitoa kwenye kopo la chumvi. Alikuwa ameizika humo kwa heshima ya dada yake. Nikaipangusa, nikaichomeka. Jina la wimbo, jina la kaka. Nikalia pale pale kwenye mkeka wake, mtu mzima mimi, nikamweleza yote: kufuli, duka, mlango, mama anavyoogopa.

Alinisikiliza, akaguna. "Sasa ile ya simu haifai?"

Ijumaa moja, miaka ile ambayo wimbo ulikuwa bado unaimba, alikuwa amekuja kwetu na mjukuu wake aliyekuwa akijifunza kutembea, akamchukua video sebuleni. Mtoto anapiga hatua, anaanguka, anasimama. Hakuwahi kuitaja kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na kwa sababu yeye alijua anao wimbo wenyewe, ule wa kweli, umo kwenye chumvi. Simu ilikwisha kufa, kadi yake ya kuhifadhia picha ilikuwa imewekwa. Niliichomeka. Mfumo wangu wa bure ukaifungua mara moja bila kuuliza mtu ruhusa.

Mtoto alitembea. Na nyuma yake, kwa mbali, gitaa. Kufuli lile lilijua kuzuia mashine, halikujua kuzuia hewa ya sebule yetu. Lakini juu ya gitaa, karibu na simu, na kwa nguvu zake zote za zamani, alikuwa mama. Anaagiza sukari. Anawaambia watoto watoke mlangoni. Anamcheka yule mtoto makalio. Sauti ya kaka inasikika tu pale mama anapovuta pumzi: fungua, halafu sukari, halafu njo miye, halafu chai imepoa, nani aliiacha wazi. Nilirudia na kurudia. Hakuna pahali kaka anamaliza sentensi.

Nilimpelekea hivyo hivyo. Tulimkalisha, nikaweka kompyuta kwenye mapaja yake, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Mwanzoni hakuonyesha kitu. Kisha kichwa chake kikainama upande mmoja, vile alivyokuwa akifanya nyuma ya mlango miaka ile, nikajua amemsikia. Mkono wake ulinishika mkono. Ndipo ile sauti kubwa ikaanza tena habari ya sukari, na mama akakunja uso. Hakujijua.

"Huyu mama anasema sana," aliniambia, karibu kulia. "Mumuambie anyamaze kidogo. Mutoto wangu anapiga hodi."

Nilirudisha mwanzo, akasikiliza tena, akamkasirikia tena yule mama. Tulifanya hivyo kila Ijumaa mpaka alipofariki, na kila Ijumaa aliniomba nimnyamazishe.

Sasa hapa sebuleni nimebaki mimi. Nikiiweka ile video wanakuja wote wawili, mmoja juu ya mwingine, mama anatafuta sukari na kaka yuko nje anasema ni yeye. Ile kadi nimeinakili, nimeigawa: kwa binti wa shangazi, Alunguli, Lokandu. Kabla ya kuondoka kila nyumba, niliwafungulia kwanza, tukasikiliza pamoja.