Utafiti wa Bwana Nusu

Ukitaka kumharibia siku yule mtunza stoo wa hospitali, mwambie kitu kimekwisha. Hapo hapo uso wake ulikunjamana, shada la funguo kiunoni likaanza kulia, na yeye akaanza kukuuliza kimekwishaje, nani kakimaliza, na alikuwa anakitumia kufanyia nini. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kitambi kidogo cha heshima, na stoo aliipenda kama wengine wanavyopenda shamba. Maboksi yalipangwa yakapangika, ya zamani mbele, mapya nyuma, na sakafu ilikuwa safi kuliko ya chumba cha upasuaji, ingawa hilo hakulisema mbele ya madaktari.

Maombi ya wodi aliyapokea kupitia kidirisha chenye nondo. Na hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wake. Ukiomba boksi kumi za glavu, unapata tano. Ukiomba sita, unapata tatu na tabasamu. Aliyemfundisha kazi, mzee aliyestaafu zamani, alimwachia kanuni moja tu: muuguzi akiomba kitu, anahitaji nusu yake. Yeye akaipokea kanuni hiyo kama mtu anavyopokea jina la ukoo, bila kuuliza. Akilalamikiwa, alijibu, "Haba na haba hujaza kibaba," akafunga kidirisha.

Mkewe alikuwa mkuu wa wodi ya wazazi, hospitali ile ile. Nyumbani waliitana baba watoto na mama watoto, lakini wakishavuka geti yeye alikuwa Bwana Stoo na mkewe alikuwa Sista. Walikubaliana hivyo tangu mwanzo, ugomvi wa kazini ulale kazini. Mpango mzuri, ila ugomvi hauna adabu ya kujua geti lilipo.

Umri ukiwa umesogea, watoto wakiwa wamekwisha kumpita kwa vyeti, mtunza stoo aliamua naye kusaka shahada kwa masomo ya jioni. Masomo aliyamaliza kwa jasho. Likabaki jambo moja, utafiti. Aliuita "Usimamizi na Udhibiti wa Vifaa vya Hospitali", jina lililomfurahisha hata akawa analisoma kwa sauti akinyoa ndevu. Alitaka kujua kwa nini wodi zinakosa vifaa wakati stoo inanunua vya kutosha. Jibu alikuwa nalo kabla hajaanza: wauguzi wanapoteza vitu. Akaandika hivyo, akapeleka, akarudishiwa.

Msimamizi wake chuoni alikuwa mwanamama kijana, umri wa binti yake wa kwanza, mpole wa maneno na mkali wa kalamu.

"Mzee wangu," alimwambia, "hapa umeandika vifaa vinapotea. Vinapotea vinakwenda wapi?"

"Vinapotea tu, Daktari."

"Glavu haina miguu. Kama haikutumika na haikuibwa, basi imehama. Nenda ukatafute ilikohamia. Na ujue huu ndio muhula wako wa mwisho, usajili wako ukiisha unaanza upya."

Kuanza upya, kwa umri ule! Alitoka ofisini akaenda kuchapisha maswali. Akagawa dodoso kwa wodi zote: je, wodi yako ina akiba isiyoripotiwa stoo? Zote zikajibu hakuna. Mkewe alilijaza lake mezani kwao, mbele ya macho yake, akaandika "hakuna" kwa mwandiko mzuri kabisa, kisha akaendelea kumenya machungwa.

Sasa, wodi ya wazazi ilikuwa na mashine mbovu ya kuwapa joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Ilikufa miaka mingi nyuma, ikabaki kwenye kona, imefunikwa shuka safi. Kila hospitali ilipoondoa vyombo chakavu, Sista aliikatalia. "Itatengenezwa," alisema, na hakuna aliyethubutu kubishana naye. Asubuhi moja mtunza stoo alikwenda na toroli kuichukua kwa lazima. Sista alikuwa nyuma ya pazia na mama mwenye uchungu, anamhimiza asukume. Mtunza stoo akalifunua shuka.

Ndani hamkuwa na mashine. Wauguzi walilitoa tumbo lake lote, wakapanga glavu, pamba, sindano na mipira ya dripu. Zaidi ya hapo, vilipangwa vya zamani mbele, vipya nyuma, kama alivyomfundisha mkewe nyumbani kwenye makopo ya unga. Alisimama pale amechanganyikiwa, nusu anataka kupiga kelele, nusu anaona fahari. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, akarudisha shuka na kuondoka na toroli tupu.

Jioni alimkuta mkewe jikoni anakata vitunguu.

"Sista," alianza.

Kuitwa Sista ndani ya nyumba yake mwenyewe! Mkewe akaweka kisu chini. "Umefunua shuka."

"Nimefunua. Na kwenye dodoso langu uliandika hakuna. Utafiti wangu, mama watoto! Umenidanganya mimi mumeo, na chuo kizima."

"Sikumdanganya mume wangu, nilimdanganya Bwana Stoo. Nikikuambia ninayo akiba, utanikata zaidi. Hebu niambie, nikitaka glavu boksi tano nifanyeje?"

"Uombe tano."

"Nipate mbili! Kwa hiyo naomba kumi. Wewe ukiona kumi unasema Sista ana tamaa, unakaza mkono. Mwezi unaofuata naomba ishirini. Siku ukijisahau ukatoa zote, nazificha, kwa sababu sijui lini utajisahau tena." Alifuta macho kwa kiwiko, na haikujulikana kama ni vitunguu. "Unakumbuka siku uliyokwenda kwenye mazishi ya shemeji yako, ukaondoka na funguo kiunoni? Aliletwa mama, mtoto kichwa kimeshatokeza, na droo yangu haina glavu hata moja. Nilimpokea mtoto yule mikono nimeivika mifuko ya plastiki. Nikaapa, hilo halitanipata tena."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia. Ukaniambia haba na haba hujaza kibaba."

Mume akavuta kiti, akakaa. Mkewe alimtazama, hasira ikampungua, akaguna kama mtu anayezuia kicheko.

"Unajua wodini wanakuitaje?"

"Bwana Stoo."

"Bwana Nusu. Hata watoto wako wanajua."

Kilichomuuma si jina, ni kwamba jina lilikuwa la haki. Alizunguka wodi zote na karatasi zake akimtafuta mwizi wa vifaa, kumbe mwizi ameketi dirishani na kikombe chake cha chai. Akiandika ukweli, atajianika mbele ya mganga mkuu na mbele ya chuo. Asipouandika, utafiti ni uongo na yule msimamizi ataunusa. Na zaidi ya yote kulikuwa na ile mifuko ya plastiki, ambayo hakuweza tena kuifumbia macho.

Alikwenda kwa msimamizi akamweleza yote. Msimamizi aliacha kalamu. "Mzee wangu, sasa ndiyo umeanza utafiti. Acha kukata. Toa kinachoombwa chote, halafu tuone."

Mganga mkuu alikubali shingo upande. "Stoo ikikauka," alisema, "utakayejibu ni wewe, na ukajibie nyumbani."

Basi akabandika tangazo: ombeni mnachohitaji, mtapewa chote. Na jambo lililomuuma kama kung'olewa jino, akachonga ufunguo wa pili, akauacha kwa muuguzi wa zamu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wodi hazikuamini, na kwa kuwa hazikuamini ziliomba kama mwisho wa dunia umetangazwa redioni. Maboksi yalitoka kwa toroli. Yeye alitia sahihi, na ombi kubwa kuliko yote lilitoka wodi ya wazazi. Alimtazama mkewe kupitia nondo, macho yakimsihi. Mkewe akatazama dari. Akampa zote.

Rafu ya glavu ikabaki na boksi moja na buibui. Mganga mkuu alianza kupita pale bila sababu. Nyumbani aliacha kunyoa, na lile jina zuri la utafiti hakulisoma tena. Watoto walinyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile.

Kisha ikafika siku ya maombi, na dirishani hakuja mtu. Alingoja mpaka chai ikapoa. Akadhani wamemgomea. Akafunga stoo, akapita wodi moja baada ya nyingine, na kila mahali akajibiwa hivyo hivyo: "Tunazo za kutosha, Bwana Stoo. Tukipungukiwa tutakuja."

Alikuwa anarudi, hajui acheke au alie, aliposikia magurudumu yanalia kwenye korido. Sista alikuwa anaisukuma ile mashine mbovu mwenyewe, imefunikwa shuka lake, wagonjwa wanampisha wakidhani ni maiti. Akaisimamisha mbele ya stoo, mchana kweupe, wauguzi wenzake wakitazama.

"Bwana Stoo, nimeleta chombo chakavu. Na vilivyomo ndani, pokea, ni vyako."

Akafunua shuka. Halafu muuguzi wa wodi ya wanaume akakohoa, akasema kwamba kwao pia kuna sanduku la nguo ambalo halina nguo. Wa wodi ya watoto akakumbuka kabati la vinyago. Kufikia alasiri vitu vilikuwa vimerudi hata rafu zikapungua nafasi, na Bwana Nusu alipanga huku machozi yanamtoka waziwazi, wala hakuyafuta.

Siku ya kuutetea utafiti, wodi aliziita kwa herufi ili asimchome mtu. Mtahini mmoja akainua miwani. "Katika sura ya nne umesema chanzo kikuu cha upungufu ni mtunza stoo. Huyo ni nani?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

Msimamizi wake aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Wakampasisha, na marekebisho machache ya nukta na mikato. Mkewe aliisoma tasnifu nzima kitandani. "Wodi C ndiyo mimi?" aliuliza. "Hiyo ni siri ya mtafiti," alijibu, akapigwa na mto.

Jumatatu Sista alikuja dirishani na ombi lake. Glavu, boksi tano. Mkono wa mtunza stoo, kwa mazoea ya miaka, uliteremsha mbili. Ukasimama. Ukarudi juu kuchukua tatu zilizobaki.

"Tano tu, Sista? Huongezi za kuweka?"

Mkewe alizipakata zile boksi kifuani. "Za kuweka za nini?" alisema, akigeuka kwenda zake. "Si wewe upo."