Zabibu Nilizozifuta Vumbi

Siku yangu ya kwanza kwa Madame, kule mjini Élisabethville enzi za Wabelgiji, nilifundishwa kutogusa kitu bila kuagizwa. Madame alikuwa Mmarekani, mke wa injinia Mbelgiji, na alichora maua na matunda kwa namna ya kwao: meza tupu, nyuma giza, tunda likae kana kwamba utalichukua ule. Kazi yangu ilikuwa kuwamba kitambaa kwenye fremu, kukipaka gundi, kuosha brashi kwa tapentaini na kupanga matunda alivyotaka.

Nilitoka Pweto na mke na mtoto mchanga. Bwana Injinia aliniambia mara moja tu, taratibu: "Ukiharibu kitu ya Madame, ni fimbo, kisha utarudia kwenu." Nilimwogopa hata viatu vyake vikiwa peke yake barazani.

Asubuhi moja zililetwa zabibu nyeusi kutoka Kusini, kwa treni. Madame akachora nusu ya kichala, akaenda kupumzika. Mimi nikaona zina vumbi. Mtu aliyezoea kusugua vioo vya Wazungu angeliachaje? Nikazifuta moja moja kwa kitambaa chenye maji mpaka zikang'aa. Halafu nikatazama picha. Ule weupe nilioufuta, Madame aliuchora. Haukuwa vumbi, ndivyo zabibu ilivyo.

Madame alipoingia nilisema kabla hajauliza.

"Ni miye, Madame. Nilizani iko vumbi."

Alizitazama zabibu, kisha picha. Mumewe angekuja jioni kuiona picha, na treni nyingine ilikuwa ya juma lijalo.

"Ile ingine nusu sikuiangalia bado," akasema. "Weye uliiangalia muzuri mbele ya kupangusa?"

"Ndiyo, Madame."

"Basi, chora."

Akanitia brashi mkononi. Akanielekeza: brashi iwe karibu kavu, rangi nyeupe na buluu kidogo, unagusa na kuacha. Kila gari lililopita nje nilidhani ni la Bwana. Nilipomaliza nusu yangu, ile ya kushoto, niliosha vidole kwa tapentaini mpaka vikawasha.

Bwana akaja, akainama mbele ya picha. Nilikuwa nimeshika sinia ya vikombe.

"Upande wa kushoto ndio bora," akamwambia mkewe. "Umeendelea sana."

"Merci," akasema Madame, bila kunitazama.

Nilibaki kwao mpaka walipoondoka kwenda Ulaya. Baadaye nikafanya kazi kwa mkuu mmoja wa atelie, karakana ya wachoraji, mjini, halafu nikafungua yangu, na sasa macho yamechoka, nimepumzika. Vijana huniuliza kwa nini sikudai kwamba zile zabibu nilizichora mimi. Wanangu, siku ile nilimwomba Mungu jambo moja tu: mtu yeyote asijue.