Simu ya Kibarua Darasani

Mwanangu, nikisikia wazazi wakizozana kama simu ziingie darasani au zibaki nyumbani, hukumbuka siku moja nikiwa kidato cha tatu hapa Changamwe. Usicheke. Hata mimi niliwahi kuwa kijana, tena mwembamba, ingawa tangu zamani kukaa kitako nyumbani ndiyo kazi niliyoiweza.

Niliketi dawati moja na Kazungu. Baba yake alikuwa kibarua bandarini, na msimamizi alimpigia simu meli ikiwa na kazi. Asiyepokea, nafasi yake hupewa mwengine. Asubuhi hiyo Kazungu aliibeba shuleni simu ya babake, ile ya vitufe na tochi, mzee bado amelala, ili acheze mchezo wa nyoka. Nami nilikuwa nangojea zamu yangu, sitajifanya malaika.

Hesabu ziko ubaoni, simu ikalia. Mwalimu Mwakio akanyoosha mkono, akaipokea, akasikiliza. Sheria ya shule ilikuwa simu ikishikwa, inafungiwa ofisini mpaka muhula uishe. Kazungu akashika kichwa, maana bila simu ile kwao hakuna kazi.

"Msimamizi anamtaka babako getini sasa hivi," mwalimu akasema. "Mpelekee, mbio!"

"Mwalimu, ataniua."

"Basi nenda na huyu jirani yako akawe shahidi. Naona naye alikuwa kwenye foleni."

Tukakimbia hadi kwao Chaani. Yaani Kazungu alikimbia, mimi nilimfuata kwa nia tu. Tulimkuta mzee amepindua nyumba akiitafuta simu, godoro liko uani, anakung'uta mashuka. Shikamoo zetu hakuziitikia. Alisikia ujumbe, akanyakua simu, akaondoka huku anavaa viatu.

Jioni alirudi hoi, vumbi la shehena mpaka kwenye kope, lakini kazi aliipata. Alimwambia mwanawe, "Siku nyingine niamshe, uniulize." Basi.

Kesho yake Mwalimu Mwakio alitukabidhi kazi ya kufuta ubao, akatuambia, "Simu haikukosa. Nyinyi mliitoa inakongojewa, mkaileta isikokuwa na kazi. Na akili zenu nazo hamkuzileta."

Kwa hivyo, mwanangu, mwalimu akisema toeni simu tutazame picha ya somo, itoe uitumie kwelikweli. Nakuonea wivu, sisi tulichorewa moyo wa binadamu kwa chaki, ukafanana na muhogo. Lakini asiposema, iache mkobani imezimwa, umtazame yeye. Na kama simu ni ya mamako, muulize kwanza nani atampigia leo. Huenda riziki ya nyumba yenu iko njiani inakuja.

Mola akufungue akili, akupe walimu wenye huruma, na simu yako ilie kwa habari njema, ukiwa umeshatoka darasani.